Filamu ni yangu, lakini siri ni ya mama

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33. Kwetu ni Pangani, ila naishi Tanga mjini, napiga video za harusi na kuzihariri. Nina mtoto mmoja wa miaka 8. Nimekuwa nikikusoma kimya kimya, sikudhani siku moja nitaandika. Lakini kila ninayemuuliza ana upande wake, na upande wangu mwenyewe siujui.

Kwa miaka miwili, Jumatatu na Jumanne ambazo harusi hakuna, nimekuwa nikitengeneza filamu. Ni yangu ya kwanza, dakika 74, Kiswahili mwanzo mwisho. Kamera ni ile ile ya maharusi. Waigizaji ni watu wa kikundi cha maigizo cha hapa Tanga, na majirani waliokubali kwa nauli na sahani ya wali. Mpaka sasa imekula shilingi 11,400,000: akiba yangu, mkopo wa kikoba, na 600,000 kutoka kwa mdogo wangu wa baba mmoja, ambaye ni fundi pikipiki Muheza. Alinitumia kwa simu bila hata kuuliza filamu inahusu nini.

Mwezi uliopita niliandikiwa kwamba imekubaliwa kwenye tamasha la filamu la kimataifa. Nililia barazani mpaka mwanangu akaogopa. Itaonyeshwa mara moja tu, Alhamisi saa nane mchana, katika ukumbi wa watu kama 90. Malazi ya siku tatu wananipa. Nauli ya boti, chakula na matangazo ni juu yangu. Nimebakiwa na 1,350,000, na mwisho wa mwezi kikoba wananidai 800,000.

Sasa nikueleze filamu yenyewe, maana tatizo limo humo. Ni habari ya mwanamke ambaye mumewe anamuaga kwamba anakwenda Mombasa wiki mbili, anarudi baada ya miaka 17. Shangazi, huyo ni mama yangu. Baba aliondoka nikiwa na miaka 5. Alirudi nina miaka 22, ana mke mwingine na watoto wawili wa kiume. Mama alimkaribisha barazani, akampa maji, akamwomba talaka yake, baba akaandika. Hayo Pangani yote inayajua.

Wasilolijua ni moja. Baba aliacha kanzu yake sandukuni. Kila mkesha wa Idi, kwa miaka yote 17, mama aliitoa akaifua, akaianika ndani chumbani, si uani, wapitao wasiione. Mimi tu ndiye niliyekuwa nikiona. Na siku ya pili baada ya baba kurudi, nilimkuta mama anapiga deki kwa kanzu ile ile. Hakusema neno, nami sikuuliza. Filamu yangu inaishia hapo, mwanamke anapiga deki.

Nilipotaka kuanza kuandika nilimwambia, "Mama, nataka kutengeneza filamu ya mwanamke aliyeachwa." Akasema, "Wanawake walioachwa ni wengi, tengeneza." Ilipokamilika nilimwekea kwenye kompyuta, taa nikazima. Aliangalia mpaka mwisho. Akasema, "Umeifanya vizuri. Ila yule mwigizaji wako hajui kukamua dekio." Akainuka akaenda kutawadha. Tangu siku hiyo hatujaizungumza.

Nina shoga yangu tuliyesoma naye sekondari. Yuko Dar, kazi yake ni kuwatangaza wanamuziki. Amejitolea kuitangaza filamu bure, nami namshukuru kwa dhati. Anasema kwenye tamasha kuna filamu kutoka kila pembe ya dunia, mimi hakuna anayenijua, na hakuna mtu mwenye akili atakayeacha ufukwe saa nane mchana kuja kukaa ukumbini bila sababu. Sababu, kwa maneno yake, ni moja: ni kweli. Ameshatengeneza bango. Lina picha ya kanzu imeanikwa kwenye kamba ufukweni, bahari nyuma yake (nilipiga nje kwa kuwa ndani mwanga haukutosha), na chini kumeandikwa: "Hadithi ya kweli ya mama yangu". Anataka pia mama aje, na filamu ikiisha aitwe mbele. Anasema ukumbi mzima utalia, na waandishi wa habari hawataandika kitu kingine.

Bango bado halijatoka. Linanisubiri mimi niseme ndiyo.

Juzi mtangazaji mmoja wa redio alinipigia, akaniuliza, "Hii ni hadithi ya kwenu?" Nikasema, "Ni ya kubuni tu." Nilipokata simu nilijiona kama nimemkana mama.

Halafu kuna hili la kujinadi lenyewe. Mimi sikulelewa hivyo. Mama huuza vitumbua pale kivukoni, wanaposubiri watu wa kuvuka kwenda Bweni, na hajawahi kumwita mteja. Nilipomwambia natakiwa niisemee filamu yangu mbele za watu, alinijibu, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kila nikishika simu kuandika "njooni mtazame filamu yangu" naona haya, nafuta. Shoga anasema haya zangu zitaniua njaa.

Nijitangaze vipi, Shangazi? Niseme ni mama au nisiseme? Na hizi hela nizitie kwenye matangazo, au nilipe kikoba nikae kwa amani?

Mwanao, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Hongera kwanza. Filamu ya dakika 74 iliyoshonwa kwa Jumatatu na Jumanne si mchezo, na kuna wenye kampuni na magari ya kubebea taa ambao hawajamaliza ya kwao.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Inauliza juu ya matangazo. Lakini nilipohesabu mistari, bango, redio na hela vyote kwa pamoja havijafika nusu. Iliyobaki ni mama: mama na sanduku, mama na maji ya kumkaribisha mgeni, mama na dekio. Kwa hiyo sitajifanya nimeulizwa swali moja. Naona mawili yaliyoshikana mikia. Moja ni kwamba unaona haya kuisemea kazi yako. La pili ni kwamba njia pekee ya kuisemea uliyoonyeshwa inapita chumbani kwa mama yako. Nadhani haya unazozisikia si za aina moja, na umezifunga kwenye kanga moja.

Nianze na ile nyepesi.

Methali ya mama naiheshimu, hata mimi nimelelewa nayo. Ila ngoja nikuulize. Mama huuza vitumbua wapi? Kivukoni. Angeweza kuvipikia ndani kwake, akafunga mlango, akangoja kizuri kijiuze. Hakufanya hivyo. Alichagua mahali ambapo watu wamesimama, hawana la kufanya, wana njaa ya asubuhi na chombo bado kiko ng'ambo. Haiti mteja kwa sababu ameshakaa njiani kwake. Huko nako ni kutangaza, mwanangu, tena kwa akili. Anachokataa mama yako, nadhani, ni kelele za mpiga debe wa stendi anayekusukumia kwenye basi ambalo hata hajui linaondoka saa ngapi. Kati ya kukaa kimya ndani na kupiga debe stendi kuna nafasi kubwa, na mama ameishi humo miaka yote.

Basi kivuko chako wewe kiko wapi? Tamasha hukulitaja, ila umetaja boti, kwa hiyo nitasema ninayoyajua ya Zanzibar. Lile tamasha kubwa la kule, ZIFF, liliasisiwa 1997, na wengi wetu tulilijua kama Tamasha la Nchi za Jahazi. Usiku watu hujaa Ngome Kongwe, chini ya nyota, na mtu anaweza kuingia kwa sababu tu alikuwa anakula urojo pale Forodhani akaona taa. Filamu zimekuwa zikipelekwa pia hadi vijijini, Unguja na Pemba, na huko hakuna anayejaza uwanja kwa bango. Lakini saa nane mchana ni habari nyingine. Jua ni kali, wengine wamelala, wengine wako kwenye semina na vikao. Anayekuja saa nane amekuja makusudi, na mara nyingi amekuja kwa kuwa kuna mtu alimwambia, uso kwa uso, "Njoo."

Ndiyo maana sina imani kubwa na bango, liwe na maneno gani. Mji Mkongwe wakati wa tamasha kuta zimejaa mabango, mbuzi anaweza kupita asisome hata moja. Nimeona zaidi nguvu ya mtu mwenyewe. Kaa kwenye filamu za wenzako tangu siku ya kwanza, uliza maswali ya kweli, na taa zikiwaka jirani akikuuliza "na wewe umeleta nini?" uwe na sentensi moja. Jirani huyo anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo, na anaweza kuwa mchaguzi wa filamu wa tamasha jingine, ambaye amelipiwa nauli ili atafute filamu kama yako. Kwa uso hutamjua. Mpe kikaratasi kidogo chenye siku, saa na ukumbi kwa herufi kubwa kuliko jina lako. Tangazo la filamu la dakika moja liwe kwenye simu yako, si mtandaoni tu, maana intaneti ina siku zake.

Na fedha kidogo ulizonazo, ningezitazama hivi kabla ya bango: tafsiri za chini ya picha zimesomwa na mtu mwingine anayekijua Kiingereza vizuri? Kiswahili cha Pangani kikitafsiriwa ovyo, mama wa kwenye filamu ataongea kama mwongozo wa jiko la gesi, na wageni nusu ya ukumbi hawatajua wamekosa nini. Faili umelipeleka wamelijaribu, picha na sauti? Fika siku moja kabla, omba dakika 5 za kulisikia pale pale ukumbini. Wewe ni mtu wa harusi, unajua spika zinavyoweza kumuaibisha bwana harusi. Picha tatu safi za kuwapa waandishi unazo? Na yule mwigizaji wako mkuu, nauli yake umeifikiria? Watu wakimwona amesimama pale baada ya filamu, mzima, anacheka, watamuuliza maswali yeye, na wewe utapumua.

Mawili madogo ya kibiashara, kisha nirudi kwa mama. Filamu nzima usiiweke mtandaoni kabla, hata kwa siku moja, hata kwa mapenzi. Matamasha mengi huuliza kama imeshaonyeshwa wapi, na onyesho la kwanza hutolewa mara moja tu. Na akitokea msambazaji mwenye kalamu mkononi anayesema usaini leo la sivyo nafasi imepita, mwambie utasoma usiku. Uangalie ni kwa miaka mingapi, kwa nchi zipi, ni televisheni peke yake au na mitandao. Neno "haki zote" kwenye karatasi ni fupi lakini lina mdomo mpana.

Kikoba sitakizungumza sana. Umeuliza kuhusu amani, na mtu akitaja deni na amani kwenye sentensi moja ameshajua anaelekea wapi. Niseme tu kwamba ukilipa 800,000 utabakiwa na 550,000, na karibu yote niliyoyataja hapo juu yanataka muda na mdomo kuliko hela. Ila huenda kuna nauli ya mwigizaji nisiyoijua, na huenda kikoba chenu kinakubali mtu aje aseme mapema badala ya kuchelewa bila neno. Vikoba vingine ni wagumu, vingine wanaweza hata kukusindikiza bandarini. Wanakikundi wenzako unawajua wewe.

Sasa hadithi ya kweli.

Shoga yako si mbaya, na hoja yake si ya kipuuzi. Ni kweli watu huvutwa na "ilitokea". Ni kweli pia kwamba mgeni asiyekujua anahitaji mahali pa kukamata. Mwaka 2021 Amil Shivji alipoipeleka Vuta N'kuvute kwenye tamasha la Toronto, wengi huku kwetu walikuwa na pa kukamata, kwa kuwa walikuwa wameisoma riwaya ya Adam Shafi. Wewe riwaya huna, na shoga ameona ulicho nacho ni mama. Nashuku amekimbilia karibu mno. Hebu jaribu kumwambia mgeni: "Mume ameaga wiki mbili, amerudi baada ya miaka 17, na mkewe ameitunza kanzu yake." Mimi ningeacha urojo. Humo hakuna neno "kweli" wala neno "mama".

Lakini hapo hapo tuangalie hiyo kanzu, maana ndiyo iliyonizuia kulala.

Umeniambia Pangani yote inajua mama aliachwa. Kwa hiyo kuachwa si siri, na wala jina lako halifichi kitu: jina lako la pili ni la baba, litakuwa kwenye ratiba na mwishoni mwa filamu, na mtu wa kwenu akiliona ataunganisha mwenyewe. Siri ni kanzu. Mama aliianika ndani chumbani ili wapitao wasiione. Wewe umeianika ufukweni. Sisemi ulikosea, mwanga haukutosha, nami naamini picha ni nzuri. Pengine pale ulipoitoa nje ndipo ilipoacha kuwa kanzu ya mama ikawa ya mwanamke wa kwenye filamu, mmoja wa wale "wengi" aliowataja. Filamu inaweza kufanya hivyo. Ila ukiandika chini yake "Hadithi ya kweli ya mama yangu", umeichukua kanzu ya yule mwanamke wa kubuni ukairudisha kwenye sanduku la mama, na sanduku sasa liko wazi, na picha inazunguka WhatsApp mpaka kivukoni.

Na kuna mtu mmoja hukumtaja kama msomaji wa bango: baba yako. Yu hai? Hukuniambia amefariki, kwa hiyo namchukulia yupo. Siku atakayoona kwamba mwanamke aliyemwacha alifua kanzu yake kila Idi miaka 17, atakuwa amepokea ujumbe ambao mama alikuwa na nafasi ya kumpa, pale barazani, maji yakiwa mkononi, na hakumpa. Alimwomba talaka tu. Huo ulikuwa uamuzi wake. Inawezekana leo hajali tena, miaka 11 imepita. Inawezekana pia kwamba kutokujua kwa baba ndiko stara yake yote iliyobaki. Mimi sijui, na nadhani hata wewe hujui. Ndiyo maana uliandika barua kwa Shangazi badala ya kumuuliza yeye.

Uliniambia ulipomjibu mtangazaji kwamba ni ya kubuni ulijiona umemkana mama. Hilo nalielewa. Lakini je, ulisema uongo? Umeandika mazungumzo ambayo hayakuwapo, umempa mwanamke sura nyingine, umeianika kanzu mahali pengine. Mtu anaweza kusema "nimeitunga" asimkane yeyote. Anaweza pia kusema, "Nimekulia Pangani, kwenye nyumba za wanawake waliosubiri, nimeandika ninaowajua." Jibu hilo lina faida kwamba ni la kweli, na lina hatari zake: mwandishi mzoefu atauliza tena, "Na mama yako je?" Itabidi uwe umeshaamua utasema nini, na utabasamu vipi. "Mama yangu anauza vitumbua vizuri, hayo mengine muulizeni yeye" ni jibu pia. Hatari nyingine ni shoga. Ukichagua njia hii lazima ajue mpaka uko wapi, kwa maneno yasiyo na kona, kwa sababu mtu anayekutangaza bure kwa mapenzi ndiye anayeteleza kirahisi.

Kusema yote wazi nako kuna heshima yake. Sitaki uone kama nimeufunga mlango huo. Wapo waliofungua nyumba zao kabisa. Filamu ya hali halisi ya Sam Soko, Softie, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2020, ilimfuata mwanaharakati wa Nairobi Boniface Mwangi pamoja na familia yake, na mkewe yumo humo anasema yake kwa mdomo wake. Tofauti ni hiyo. Alikuwa mbele ya kamera, anajua kamera ipo. Mama yako ruhusa aliyoitoa ilikuwa juu ya "wanawake walioachwa, ni wengi". Je, ruhusa hiyo inafika hadi jukwaani, kipaza sauti mkononi, watu 90 wakimtazama wakilia? Wapo kina mama ambao wangepanda pale wakang'ara, na wakarudi kijijini wamenyooka mgongo. Wapo ambao wasingekusamehe, na wasingekuambia pia. Ukimshtukiza hutajua ni yupi mpaka amesimama.

Basi nimuulize tena? utasema. Labda. Ila kuuliza nako kuna namna. Ukimuuliza tamasha likiwa limebakiza siku 6 na bango limeshachapwa, unamwomba mama aseme hapana mbele ya ndoto ya mwanawe, na mama wa kwetu hasemi hapana hiyo. Atasema "fanya utakavyo", na wewe mwenyewe unajua "fanya utakavyo" ya mama haina ndiyo ndani yake. Ukienda kabla bango halijachapwa, na mkononi una njia mbili zote ziko tayari, ile ya kumtaja na ile ya kutomtaja, hapo ana nafasi ya kuchagua kweli. Inawezekana akachagua kinachokuumiza. Inawezekana shoga akanuna. Inawezekana pia mama akasema usimtaje, wewe ukajikuta umeshusha pumzi, na hiyo pumzi ikakufundisha kitu.

Kuna neno lake moja ambalo naona umelipita haraka. "Yule mwigizaji wako hajui kukamua dekio." Nimelicheka, kisha nikaacha kucheka. Mwanamke huyu ameangalia siri yake ya miaka 17 gizani, na alichosema ni kwamba kazi ya mikono haikufanywa sawa. Huenda alikuwa anafunga mazungumzo. Au ndiyo ilikuwa njia yake ya kukuambia, "Nimeiona, najua ni mimi, na ningeifanya vizuri zaidi." Hayo mawili yako mbali sana, na kwenye barua siwezi kuyatenganisha. Wewe ulikuwepo, uliisikia sauti yake.

Ningekuwa karibu ningekushauri umpeleke yule mwigizaji Pangani siku mojawapo kabla bango halijachapwa, si kwa kikao, kwa kunywa chai tu. Mwambie mama, "Huyu ndiye uliyesema hajui dekio." Kisha nyamaza, ukae pembeni, uone mama atafanya nini na ndoo. Akinyamaza utakuwa umepata jibu. Akisema, utakuwa umepata jibu jingine, na kutoka hapo swali la bango linaulizika kama swali la kawaida, kama mtu anavyouliza chumvi imetosha.

Yupo na mdogo wako wa Muheza, uliyemtaja kwa sentensi mbili. Alitoa 600,000 bila kuuliza. Mama yake ni yule mke mwingine, na baba wa kwenye filamu ni baba yake pia, tena yeye ndiye aliyelelewa naye. Ataiona lini, na atakuwa amekaa na nani? Si lazima hilo liamuliwe wiki hii, lakini nisingependa alisikie redioni akiwa chini ya pikipiki ya mtu.

Mama naye akisema anakuja, mkatie tiketi ya kukaa ndani. Kusi imeanza, boti itawarusha, na shoga asimngoje bandarini na kamera.

Shangazi